Kipimo cha Mdomo na Kipimo cha Mkasi

Mume wangu ni fundi nguo, na kama kuna mtu anayejua kuchagua, nilidhani ni yeye. Mletee vitambaa vyeusi vinavyofanana, atavipapasa kwa vidole viwili na kukuambia hiki kitapauka, hiki kitavuta, hiki kitakaa mwilini. Harudii mara mbili. Lakini mtu huyohuyo, siku alipoamua kubadilisha pikipiki, alijichanganya yeye, akanichanganya mimi, akawachanganya mafundi pikipiki wa mtaa mzima, na mpaka leo nikisikia mtu anataja cc kichwa kinaanza kuniuma.

Nianze na yeye mwenyewe, maana bila kumjua yeye hamtaelewa lolote. Mimi nalala naye kitanda kimoja na bado nilichelewa kuelewa.

Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna meza ya kukatia, cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kijani la kubadilishia nguo. Yeye ni mfupi, mpole, na ana tabia ya kubana pini mdomoni hata kama hashoni, kwa hiyo maneno yake hutoka machache na nusu yake humezwa. Wateja wanampenda. Fundi wa jirani yake, jamaa mwenye sauti ya mnadani, akimpima mama wa watu huita namba mpaka wapita njia wanageuka: "Kiuno arobaini na nne!" Mume wangu hapimi hivyo. Husoma tepu kimoyomoyo, halafu humtajia mteja namba ndogo kidogo. Tepu ikisema arobaini na nne, yeye husema arobaini, taratibu, kwa sauti ya kusifia. Kisha anakata arobaini na nne. Nguo inakaa, mama anatoka akijiona amepungua, na baada ya muda anarudi na dada zake.

Mafundi wa aina yake wote wanaujua mchezo huo. Wakipokezana kazi, mmoja akisema arobaini, mwenzake anaongeza mwenyewe bila kuambiwa. "Kuna kipimo cha mdomo," aliniambia zamani tukiwa wachumba, "na kuna kipimo cha mkasi." Nikacheka sana. Niliona nimepata mwanaume mwenye adabu.

Mimi niko upande wa pili kabisa. Nasimamia chumba cha kufulia cha hospitali iliyo juu ya kilima, na kwetu kila kitu kinapimwa. Mashine haipokei mashuka kwa kukadiria. Ukizidisha inagoma, ukipunguza unapoteza sabuni. Mizani yetu ya sakafuni imezeeka na ina kiburi, kwa hiyo kila Jumatatu tunaihakiki kwa kunisimamisha mimi juu yake. Wenzangu wanasema uzito wangu ndicho kitu pekee kisichoyumba katika hospitali ile. Namba inaitwa kwa sauti, tunacheka, tunaanza kazi. Mimi ndiye jiwe lao la mizani na sioni haya.

Sasa pikipiki. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyekundu iliyopauka, ya kujifunzia tu. Aliinunua akiwa hajui hata breki iko wapi, akajifunza nayo kwenye uwanja wa mpira huku watoto wakimfuata nyuma. Injini yake ilikuwa ya cc themanini, namba ya ukubwa wa injini ambayo wakati huo haikutuhusu. Alipokwisha kujua, akawa ananipeleka kazini kila asubuhi, kisha anarudi kufungua duka.

Nitasema jambo moja bila kuzunguka: ndoa yetu ilikuwa inaishi kwenye siti ile. Nyumbani hatuna nafasi ya kuongea. Kuna watoto, kuna mama mkwe wangu ambaye masikio yake husikia hata yasiyosemwa, kuna wateja wanaobisha hodi hatujamaliza chai. Dukani ana pini mdomoni. Kwenye pikipiki hana pini. Mwendo wetu ulikuwa wa polepole, kwa hiyo maneno yalisikika, na alikuwa ananiambia kila kitu: nani kakataa nguo, nani kaja kushona gauni la harusi na macho yamemvimba kwa kulia, ni nini kinamtia wasiwasi. Alikuwa ananiuliza ushauri. Nami nilikuwa nampa, nikiongea na kisogo chake.

Shida ilikuwa kilima cha hospitali. Pikipiki ilikuwa inakipanda kwa gia ya kwanza ikilalamika, nami nimeinama mbele ili niisaidie, ingawa sijui nilikuwa naisaidia nini. Asubuhi moja tulikuwa katikati ya mlima, na yeye alikuwa katikati ya maneno.

"Yule bwana wa suti ya kijivu," akasema, "jana karudi dukani. Kaniletea jambo, mke wangu, hata sijui nifanye nini. Unajua alichofanya? Ali..."

Pikipiki ikazima. Ikaanza kurudi nyuma. Akabana breki, tukapinda, tukaingia wote watatu, mimi na yeye na pikipiki, kwenye ua la michongoma la kando ya barabara. Hatukuumia sana, ila sare yangu ilichanika mgongoni mpaka kiunoni, na mlinzi wa geti la hospitali, aliyekuwa ameona yote kutoka juu, akapiga makofi. Kuna watu walikuja kuwaona wagonjwa siku ile wakaondoka na hadithi ya kusimulia. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Nikamwambia mume wangu pale pale, miiba ikiwa bado kwenye nywele, kwamba sipandi tena kitu hicho.

Na sikupanda. Jioni nilimuuliza habari ya bwana wa suti ya kijivu, lakini mama mkwe alikuwa amekaa hapo akichambua mchele kwa umakini usio wa kawaida. "Baadaye," mume wangu akasema. Baadaye yenyewe haikufika.

Nikaanza kwenda kazini na dereva wa bodaboda tunayemwita Redio, kwa kuwa hanyamazi na wala hasikilizi. Kila asubuhi tulipita mbele ya duka la mume wangu. Alikuwa anasimama mlangoni, tepu shingoni, ananipungia mkono. Nilimpungia na mimi. Wiki hizo alishona mfuko wa shati ukatokea ndani, na akamrudishia mteja suruali yenye zipu ya nyuma. Niliona kuna kitu kinamkera, lakini nikiuliza ananijibu kwa pini. Nami nyuma ya Redio, katikati ya matangazo na nyimbo zake, nilikuwa mpweke kuliko nilivyotaka kukubali.

Ndipo jioni moja, tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini na kusema, "Nataka kuongeza cc."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Akamtazama mama yake, akatazama sahani. "Marobota ya vitambaa yamekuwa mazito."

Marobota ya vitambaa huletwa na gari la muuza jumla mpaka mlangoni kwake. Hajawahi kubeba hata moja. Nikajiambia, haya, umri umemfikia. Ataanza na pikipiki, atamalizia na miwani ya jua.

Mtu wa kwanza kumuuliza alikuwa fundi pikipiki wa kona, jamaa wa makamo anayeitwa Spana. Kesho yake nikirudi kutoka kazini nikakuta ile pikipiki nyekundu uani, na juu ya siti ya nyuma, mahali pangu, pamekaa gunia. Limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na juu yake amelifunika shuka letu kuukuu.

"Hili nini?"

"Mzigo wa majaribio," akasema. "Spana kasema nipime nikiwa na mzigo."

Ndani ya gunia kulikuwa na mchanga na vipande vya vitambaa. Nikamwona anavyolizunguka, analivuta kidogo huku, analisogeza kidogo kule, analigusa juu kwa kiganja. Nikamuuliza mbona analibembeleza. Akaona haya, akasema linaweza kudondoka. Kisha akaiwasha pikipiki kwa teke na kwenda nalo kilima cha hospitali.

Alirudi uso umemshuka. Nikadhani ameanguka tena.

"Imepanda," akasema.

"Pikipiki?"

"Imepanda mpaka juu. Haikuzima."

"Sasa si vizuri?"

Akakaa kwenye kizingiti na kushika kichwa. "Kwa nini imepanda?" akauliza, na hakuwa ananiuliza mimi. Sijawahi kuona mtu akisikitika kwa sababu pikipiki yake imefika alikokuwa anakwenda. Nikamtazama yeye, nikalitazama gunia, nikaingia ndani kuangalia sufuria yangu.

Spana akasema jambo limekwisha. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaapa kwamba siku ile ya michongoma tatizo lilikuwa uchafu tu, na kwa mzigo aliotajiwa cc themanini zinatosha kabisa, labda kama mtu anataka raha achukue mia na ishirini na tano. Mume wangu akaenda tena kilimani na gunia. Ikapanda tena. Akaenda mara ya tatu, na yule mlinzi wa geti akaanza kulisalimia gunia kwa kuligongea saluti.

Akamuuliza mdogo wangu wa kiume, ambaye ana pikipiki kubwa inayoamsha watoto wachanga. Mdogo wangu hakufikiri hata kidogo. "Shemeji, chukua mia mbili na hamsini. Chini ya hapo unajidanganya." Akacheka, akanitazama, akacheka tena. Mume wangu akasema kijana huyu ana majivuno. Hata hivyo akaijaribu. Uani kwetu, mbele ya mama yake na watoto, akapanda juu ya lile dude, miguu ikabaki inaelea, vidole vya viatu vikiitafuta ardhi. Halafu polepole, bila haraka yoyote, yeye na pikipiki wakalala ubavu. Mdogo wangu alikimbilia pikipiki.

"Umbile lake halikukaa vizuri," mume wangu akasema akijipangusa.

Akampigia simu muuzaji wa pikipiki mjini. Muuzaji, baada ya kumuuliza maswali, akasema mia na ishirini na tano zinatosha na zinabaki. Akamuuliza Redio, kwa kuzungukazunguka, anajisikiaje na pikipiki yake. Redio, ambaye siku hiyo pekee aliamua kutotaja siasa wala mpira, akamwambia, "Yangu ni mia na hamsini, fundi, na kile kilima nakisikia kila asubuhi." Mume wangu alirudi na jibu hilo kama mtu aliyetukanwa.

Kwa hiyo kulikuwa na themanini, mia na ishirini na tano, mia na hamsini, mia mbili na hamsini, na wote walikuwa na uhakika. Akawa anaziandika kwa chaki pembeni mwa vitambaa akikata. Mteja mmoja alikuja kujaribu gauni, akaona "150" imeandikwa karibu na kiuno chake, akadhani ni sentimita zake, akaondoka bila kuaga. Nyumbani alikuwa anaamka na kusema, "Lakini kama imepanda..." kisha analala tena. Mimi nami nikaanza kuchanganyikiwa. Nikawa najiuliza, kama pikipiki ya zamani inapanda, anatafuta nini? Kama anataka ya kujionyesha, mbona hakufurahia kubwa ya mdogo wangu? Na marobota gani hayo? Nikafikiria mpaka mambo mabaya, kwamba kuna mwanamke mwingine anayetaka kumbeba. Nikamtazama mama mkwe, naye akanitazama mimi, na nikajua amefikiria hilohilo.

Nikasema basi. Siku ya mapumziko yangu nikamwambia tunakwenda wote wawili kwenye duka la pikipiki, na hatutoki mpaka uamuzi umepatikana. Alitaka kulibeba gunia. Nikamkatalia.

Duka lilikuwa na sakafu inayong'aa na harufu ya mpira mpya. Pikipiki zimepangwa kwa safu, ndogo mlangoni, kubwa ndani, na kila moja ina tanki linalokuonyesha uso wako umevimba. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye ovaroli safi na kalamu nyuma ya sikio. Ndiye aliyeongea naye kwenye simu.

"Karibu baba, karibu mama. Wewe ndiye fundi nguo?"

"Ndiye mimi."

"Nikumbushe, utakuwa unabeba nini?"

"Marobota ya vitambaa," nikajibu kwa niaba yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Mume wangu akaangalia chini. "Mke wangu," akasema.

Nikageuka. Nilidhani ananiita, kumbe anajibu swali.

"Mpaka wapi?" dada akauliza.

"Hospitali. Kule juu. Kila asubuhi."

"Ndiyo, nimekumbuka, kilima." Yule dada akaitoa kalamu sikioni. "Na mama ana uzito gani?"

Nikamwona mume wangu akipeleka mkono mdomoni kutafuta pini ambayo haikuwepo. Nikaiona ile sura yake ya kupimia, ya upole, sura ambayo nimeiona mara nyingi mbele ya kile kioo chenye ufa.

"Sitini," akasema.

Dada akanitazama. Ana macho, hakuwa na la kufanya. Akatazama siti, akanitazama tena. "Sitini," akarudia.

"Na kidogo," mume wangu akaongeza.

Kichwani mwangu kitu kikaanza kufunguka, taratibu, mshono baada ya mshono. "Lile gunia," nikamuuliza, "lina kilo ngapi?"

Akainama kuangalia tairi.

"Nimekuuliza, baba watoto. Gunia lina kilo ngapi?"

"Sitini. Nilipimisha kwa muuza nafaka."

"Kwa hiyo gunia ni mimi?"

Dada akachukua kitambaa na kuanza kufuta tanki ambalo halikuwa na vumbi. Mume wangu alisimama katikati ya pikipiki, mikono imening'inia, na masikio yamemwiva. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na kicheko, na chini ya vyote viwili kulikuwa na kitu kingine, kwa sababu nilikumbuka alivyolifunika shuka lile gunia, alivyoligusa juu kwa kiganja ili lisidondoke.

"Spana ulimwambia ngapi?"

"Sitini."

"Na mdogo wangu?"

"Hamsini na tano." Sauti yake ilikuwa inapotea. "Ni ndugu yako, nikaona vibaya."

"Mdogo wangu amekua nami nyumba moja! Nilikuwa nambeba mgongoni!"

"Ndiyo maana alicheka," mume wangu akasema, na nikaona jambo hilo linamfikia sasa hivi.

"Na Redio?"

"Redio sikumwambia kitu. Redio anakubeba."

Kwa mara ya kwanza tangu balaa lile lianze, zile namba zikakaa mahali pake. Wanaonijua walitaja kubwa. Walioambiwa na mume wangu walitaja ndogo. Hakuna aliyekosea ila yeye.

"Lakini wewe," nikamwambia, "kwa nini hukuwaambia ukweli?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Nilidhani wataongeza."

"Wataongeza nini?"

"Sisi mtu akikutajia arobaini unaelewa. Unaongeza mwenyewe. Nilidhani mafundi ni mafundi."

"Fundi pikipiki haongezi!"

"Hatuongezi, baba," dada akasema kwa huruma, bado anafuta tanki. "Ukituambia sitini, sisi ni sitini."

"Nisingeweza kuutaja uzito wa mke wangu kwenye gereji," akasema. "Mbele ya watu. Na sikuujua. Ningeujuaje? Ningekuuliza vipi?"

Chumba kizima cha kufulia kinaujua. Mlinzi wa geti anaujua. Wagonjwa wa wodi ya karibu wanausikia kila Jumatatu dirisha likiwa wazi. Mtu mmoja tu katika maisha yangu alikuwa haujui, kwa adabu, na mtu huyo ndiye alikuwa anahangaika huku na huku na gunia la mchanga ili mimi nirudi nyuma yake.

Nikamgeukia dada, nikautaja. Niliutaja kwa sauti ileile tunayotumia Jumatatu, kilo zote, bila kubakiza. Hapa siurudii, mliotaka kuusikia mngekuja dukani. Mteja mmoja aliyekuwa anajaribu helmeti aliivua ili asikie vizuri.

"Haya," nikasema, "na yeye urefu wa mguu wake kwa ndani ni inchi ishirini na saba. Usimpe kitu cha kumning'iniza."

"Ishirini na tisa," mume wangu akasema.

"Ishirini na saba. Suruali zako nazianika mimi."

Akajitazama miguu. Dada akacheka mpaka akashika usukani wa pikipiki ya jirani. "Sasa tunaongea," akasema.

Kuanzia hapo sikuelewa tena kitu, lakini kulikuwa na amani. Dada alieleza nguvu ya chini na nguvu ya juu, meno ya mbele na meno ya nyuma, mambo ya mnyororo. Niliitikia kwa kichwa. Nilichodaka ni kwamba ile ya mia na ishirini na tano ingepanda na sisi ikinung'unika, na kwenye jua kali ingechoka. Ile ya mia mbili na hamsini ingeruka kilima lakini mume wangu angehitaji ngazi. Na kulikuwa na moja ya mia na hamsini, siti yake iko chini, meno yake ya nyuma yamewekwa kwa ajili ya milima, si ya mbio. Mume wangu akapiga magoti, akaipapasa siti kwa vidole viwili. Akapapasa mshono wa ngozi yake. Akanyanyuka.

"Hii itakaa," akasema. Hakurudia mara mbili.

"Msiniamini mimi," dada akasema. "Pandeni wote wawili mkajaribu. Mzigo wenyewe umekuja."

Ilikuwa buluu. Nilipanda nikahisi matairi yanashuka kidogo na kutulia. Mume wangu akakanyaga chini kwa miguu yote miwili, akageuka kuniangalia kama nimekaa, akageuka mbele. Tukatoka mjini, tukapita mbele ya duka lake lililofungwa, tukampita Redio amelala juu ya pikipiki yake. Nilikuwa na hofu. Kilima kilipoanza niliinama mbele kama zamani, mwili wenyewe ulikumbuka.

Injini haikulalamika. Ilibadilisha sauti tu, ikawa nzito kidogo, ikaendelea. Gia ya pili. Nikaliona ua la michongoma linakuja upande wa kushoto, na lile pengo tulilolitoboa bado halijaziba sawasawa. Nikambana kiuno mume wangu. Mwendo ulikuwa uleule wa polepole, wa kusikilizana, na hana pini mdomoni.

"Yule bwana wa suti ya kijivu," akasema.

Nikasogeza sikio karibu na bega lake.

"Alikwenda kununua suruali ya dukani. Ya kuvaa safarini. Akawatajia namba niliyomwambia mimi. Hakuijaribu, aliniamini. Kufika huko safarini, haikupita mapajani."

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka pikipiki ikayumba, akaniambia nitulie, nikashindwa kutulia. "Akafanyaje?"

"Akarudi kwangu. Hakugomba. Aliniuliza tu, fundi, kipimo changu cha kweli ni kipi? Nikamwambia arudi kesho, nitamuuliza mtu kwanza."

"Ulitaka kumuuliza nani?"

Ua la michongoma likapita. Likabaki nyuma yetu.

"Wewe," akasema. "Ndiyo nilikuwa nakuuliza asubuhi ile. Halafu pikipiki ikazima, na ukahamia kwa Redio, na sikuwa tena na mahali pa kukuuliza."

Kicheko kikaniisha chenyewe. Nikaweka shavu mgongoni kwake, kwenye koti alilolishona mwenyewe, na tukafika juu hivyo. Mlinzi wa geti akasimama, akainua mkono wa saluti, akatafuta gunia kwa macho, akaniona mimi. Akashusha mkono.

Mume wangu akasimamisha pikipiki pale alipozoea kunishusha, akaweka miguu yote miwili chini, akasubiri nishuke. Sikushuka.

"Geuza," nikamwambia. "Turudi chini tupande tena. Bado hujaniambia ulimjibu nini aliporudi."